Boliti Kumi, Namba Moja

Ruring'u, Nyeri
9 Septemba 2024

Kwa dada yangu mdogo Gaudencia, mwalimu mstaafu, mjane wa marehemu Musembi, mwenye pikapu ya kijani,

Salamu nyingi. Mimi niko mzima kiasi cha mzee, yaani nusu asubuhi na robo jioni. Phoebe mke wangu anakusalimia. Goti lake limepona lakini hasemi, kwa sababu akisema itabidi arudi kuchota maji, na sasa nachota mimi. Yule kuku mwekundu aliyekuwa akilalia mayai ameyaacha amehamia kwa jirani, na hapo ndipo nikaanza kufikiria mambo yako.

Simu zako nimeziona. Kumi na moja. Sikushika hata moja na sitashika, kwa sababu kwenye simu wewe ni mwalimu na mimi ni mtoto wa darasa la nne, darasa nililoachia shule. Unanikatiza. Kwa barua huwezi kunikatiza mpaka nimalize. Hii naiacha kwa ofisi ya vifurushi pale steji ya matatu, na wewe ukitaka kunijibu fanya hivyo hivyo.

Sasa. Mburu, yule rafiki yangu aliyekuwa mtunza stoo wakati niko fundi wa gereji ya serikali, alikuja huko Nanyuki wiki jana kununua mbuzi. Amerudi na mbuzi na habari. Ati ameona pikapu yako kwenye yadi ya mtu anayeitwa Awil, boneti wazi, hedi, kile kichwa cha injini, imetolewa na kulazwa juu ya gunia kama mgonjwa. Nikamwambia pikapu za kijani ni nyingi. Akasema hii ina mlango mmoja wa bluu. Hapo nikaamini, kwa maana huo mlango niliupachika mimi.

Miaka thelathini hakuna mkono mwingine umeingia kwenye injini hiyo. Hata Musembi, Mungu amlaze pema, akitaka kuongeza maji alikuwa ananiuliza. Mtu huenda kwa fundi wa pili wakati fundi wa kwanza amekufa. Basi nakuuliza, na unijibu kama uko mbele ya polisi: mimi nilikufa lini?

Ni kaka yako, bado anapumua,
Khisa

—

Nanyuki
14 Septemba 2024

Kaka Khisa,

Barua yako nimeipata ikiwa imefungwa pamoja na kanyagio la baiskeli la mtu mwingine. Mwenye kanyagio anakusalimia. Hapa sote tuko wazima. Binti yangu Kanini amepata uhamisho, sasa anafundisha karibu na anaishi nami, kwa hivyo nimepata mtu wa kunionyesha makosa yangu. Mvua imekataa na nyasi ni za kuhesabu.

Hukufa. Pikapu ilichemka karibu na Naro Moru nikiwa na madebe ya maziwa nyuma, ikatoa moshi mweupe, nikaisimamisha. Awil alikuwa anapita na lori lake la ng'ombe. Yeye ni mfanyabiashara wa mifugo, na ufundi aliujua kwa kutengeneza malori yake mwenyewe. Alinivuta hadi yadi yake. Ni hivyo tu. Kwa nini sikukupigia wewe kwanza, hilo liache.

Gasketi ya hedi, ile uliyonifundisha inaziba maji yasikutane na oili, iliungua. Mpya imepatikana. Shida imebaki moja. Awil hafungi hedi kabla ya kujua boliti zake zinakazwa kwa kiasi gani. Ana ile spana ndefu ya namba, unaipanga, unavuta, ikifika inalia kak na unaacha. Ametafuta kwenye simu akapata namba tatu za injini tatu. Nikamweleza kwamba hii si injini ya kitabu, kwamba mwaka wa tisini na nne wewe na Musembi mlichukua bloku, yaani mwili wa injini, ya gari moja, hedi ya gari lingine, na boliti za lori. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama, basi namba iko kwa padri aliyefungisha ndoa hii."

Boliti ni kumi. Zikikazwa kidogo, maji yataingia kwenye oili. Zikizidi, moja itakatikia ndani ya bloku, na bloku kama hii hakuna tena mahali popote. Unajua kuliko mimi. Sisi akina mama tisa wa Burguret ndio tunaopelekewa maziwa na pikapu hii mpaka kwenye mtambo wa kupozea, na mlango wa mtambo unafungwa saa tatu asubuhi. Sasa tunatumia mkokoteni wa punda. Punda hana haraka.

Nipe namba.

Dada yako,
Gaudencia

—

Ruring'u
30 Septemba 2024

Dada,

Salamu. Usiseme nimechelewa, nilikuwa na kazi ya kukasirika na hiyo haitaki haraka. Phoebe amegundua kwamba nimegundua goti, kwa hivyo sasa ni kiuno. Yule kuku amerudi, na vifaranga wa jirani. Sijui nimshitaki au nimpongeze.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilihesabu majina, la Awil mara mbili na langu moja tu, juu pale kwenye salamu, mahali ambapo hukuwa na njia ya kulikwepa. Nina maswali machache madogo.

Huyo Awil akimaliza kazi anakunywa chai wapi? Kwenye yadi yake ama kwako? Kama ni kwako, anakalia kiti gani? Usiniambie ni kile cha Musembi chenye mto, ambacho mimi mwenyewe nikija nakitazama tu.

Hiyo spana yake ya kulia kak, Mburu anasema ameiweka kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu ndani, kama kikombe cha komunyo. Mimi spana zangu zinalala kwenye debe la mafuta ya kupikia na hazijawahi kulalamika baridi. Na ati ovaroli yake ni safi. Fundi wa ovaroli safi ni mtu wa kuangalia sana. Anapangusa mikono yake wapi?

Na kukuita mama. Alianza lini?

Kuhusu namba. Namba iko. Iko mahali salama, hapa juu ya shingo yangu. Plagi azikaze kwa mkono kisha robo mzunguko. Boliti za pampu ya maji azikaze mpaka apate hamu ya kuongeza kidogo, hapo asiongeze. Kifuniko cha juu hata Kanini anaweza. Boliti za hedi tutaongea siku nyingine, karatasi imeisha.

Kaka yako wa kuzaliwa naye, si wa kuvutwa na lori,
Khisa

—

Nanyuki
4 Oktoba 2024

Khisa,

Salamu kwa Phoebe na kiuno chake. Karatasi haikuisha, upande wa pili ni mweupe kabisa, na wa kwanza umeujaza kwa herufi kubwa kama za mabango. Zamani mwandiko wako ulikuwa mdogo.

Awil anakunywa chai jikoni akiwa amesimama, kwa sababu anaogopa kuchafua viti. Umeridhika?

Jumanne punda aligoma pale darajani. Tulifika mtambo umefungwa. Madebe sita yalirudi nyumbani, na jua lilivyokuwa kali, jioni yalikuwa ya kumwagwa. Watiri, mwenye ng'ombe mmoja tu, alimwaga maziwa yake mwenyewe. Aliosha debe lake akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ninaomba namba ya boliti za hedi. Siiombi kwa ajili ya Awil. Ninaomba mimi, niliyekuwa nakuandikia barua zako zote za kazi mpaka ukastaafu, na hujawahi kusikia nikimwambia mtu.

Gaudencia

—

Ruring'u
11 Oktoba 2024

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Kanini. Hapa Phoebe amesoma barua yako akaninyima chai siku mbili, na mke asiye wa ukoo wetu akichukua upande wako ujue nimezidi.

Basi andika. Boliti zipakwe oili kidogo kwenye meno. Aanze mbili za katikati, atoke nje kwa kuvukavuka, kushoto, kulia, kama mtu anayefunga kamba za viatu, amalizie za pembeni. Azunguke mara tatu. Mzunguko wa kwanza kumi. Wa pili ishirini. Wa tatu ishirini na nane.

Hiyo ndiyo namba. Ilitupotezea mimi na Musembi gasketi mbili na Krismasi nzima mwaka huo wa tisini na nne. Tulianza na ishirini na nne, ikavuja. Ishirini na sita, ikatoa jasho. Ishirini na nane, ikanyamaza, na imenyamaza miaka thelathini. Haiko kwenye simu ya mtu. Haiko kwenye kitabu. Mwambie Awil anapoitumia ajue anapita kwenye shamba la mtu.

Khisa

—

Nanyuki
19 Oktoba 2024

Kaka,

Asante. Akina mama wamekuombea jumuiyani, na Watiri ametaja jina lako kwa sauti. Kanini ana mafua. Mvua ndogo imeanza.

Jambo moja kabla Awil hajafunga. Ameitazama namba yako muda mrefu. Anasema spana yake ikipangwa ishirini na nane, mkono wake unamwambia boliti bado ina njaa. Anauliza, na anauliza kwa heshima, ishirini na nane ya nini? Kwa kipimo gani? Anasema hataki kukudharau kwa kuongeza, na hataki kuharibu kwa kunyamaza.

Nijibu kwa mstari mmoja tu, Khisa. Siku ya soko nitatuma mtu aje achukue jibu lako pale steji.

Gaudencia

—

Ruring'u
23 Oktoba 2024

Dada,

Umetaka mstari mmoja. Ishirini na nane ni ishirini na nane, na kama mkono wake unajua kuliko wangu, basi autumie huo mkono wake.

Khisa

—

Nanyuki
18 Novemba 2024

Khisa,

Nilisimama mbele ya Awil na barua yako mkononi. Alisema, "Mama, nipe ruhusa nikaze zaidi, hii ni legevu." Nikamwambia, "Namba hii imetoka kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Anapenda mzaha, lakini kwa injini hii hawezi kunidanganya." Awil akapanga spana yake kwenye ishirini na nane. Alisema neno la kaka yangu si la fundi kulipinga. Boliti zote kumi zikalia kak mapema kabisa, hata mimi nisiyejua nilishangaa.

Siku ya kwanza alikataa niendeshe peke yangu. Alikaa kando yangu na mtungi wa maji kati ya miguu, macho kwenye mshale wa joto. Tulipanda hadi Burguret, tukapakia, na tuliporudi, kabla ya kufika lami, akasema, "Zima." Nikamwambia mshale haujafika kwenye nyekundu. Akasema, "Zima, mama." Akachomoa kijiti cha oili akanionyesha. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili.

Kwa sababu alikuwa amekaa pale, shafti, kile chuma kinachozunguka ndani ya injini, haikufa. Imebidi amwage oili yote, afungue chini mpaka juu, asafishe kila kitu. Hedi imepinda kidogo, imepelekwa kusagwa uso isawazike. Gasketi mpya ni kuanza kutafuta tena. Akina mama wamerudi kwa punda.

Watu walikuwa wamejaa yadini. Mmoja akasema Awil hajui kazi. Awil aliinamisha kichwa akaendelea kufungua. Hakutaja barua yako. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Namba ya kaka yako huenda ni ya kweli. Labda haikuja yote."

Mimi sina swali. Nilikuwa nalo moja na ulilijibu kwa mstari mmoja kama nilivyoomba.

Gaudencia

—

Ruring'u
29 Novemba 2024

Gaudencia,

Barua yako ilikuja bila salamu, na hii yangu nimeiacha hivyo hivyo, maana sijui nianzie wapi kukusalimia. Ukiikuta ina madoa, ni chai.

Awil ameona. Haikuja yote.

Ishirini na nane ni kilo. Kwenye kitabu hakuna kipimo kama hicho, ni changu mwenyewe. Nitakueleza kama unavyoeleza watoto. Unakumbuka paipu yangu, ile ya chuma yenye alama tatu za msumeno? Ile ninaichomeka kwenye mkono wa spana. Kwenye alama ya pili ninafunga ndoana ya mizani, ile mizani ya saa ya kuning'iniza niliyoipata Othaya kituo cha majani chai kilipoleta mpya. Navuta mizani polepole, paipu inazunguka, macho yangu yako kwenye mshale. Mshale ukifika kilo ishirini na nane, naacha. Hiyo ndiyo torki yangu, yaani nguvu ya kukaza. Gereji ya serikali ilikuwa na spana moja tu ya namba, na ilikaa ofisini kwa mkubwa. Mburu alinisomea kitabu cha Kiingereza stoo, akafika kwenye kipimo cha Newton, tukaulizana Newton ni nani na anataka nini, tukafunga kitabu. Nikatengeneza yangu. Ikafanya kazi.

Kwa hivyo namba ilikuwa ya kweli, na mimi nilikuwa mwongo. Awil alipouliza ishirini na nane ya nini, nilijua anachouliza. Nilijua saa ile ile. Nilikaa na barua yako mezani na nikajua kabisa kwamba spana yake haijui kilo zangu. Nikafikiria, ikivuja kidogo tu, hedi itoe jasho, Gaudencia ataona kwamba bila mimi haiwezekani, atanipigia. Safari hiyo ningeshika. Sikufikiria utapakia maziwa. Sikufikiria utasimama mbele ya watu na karatasi yangu.

Ni wivu. Neno hili nimeliandika nikalikata mara mbili, sasa nimeliacha. Nilimwonea wivu mtu kwa kunywa chai akiwa amesimama.

Kuna lingine, na hili hata Phoebe hajui, ingawa nadhani anajua kila kitu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Mwezi wa nne nilikuwa nakaza gari ya Mburu, mshale wa mizani ukacheza huku na huku, sikuweza kusoma wala kushikilia, nikavuta mpaka boliti ikakatika. Nikamwambia Mburu chuma cha siku hizi kimekuwa kibovu. Akaamini, au akanihurumia, sijauliza. Tangu siku hiyo sijafungua injini ya mtu. Nakaa kwa mlango wa gereji na spana mkononi, watu wakipita nasema niko na kazi nyingi.

Pamoja na barua hii kuna gunia. Ndani kuna paipu na mizani. Alama ya pili, Gaudencia. Ya kwanza ni ya boliti ndogo, na ya tatu niliikata vibaya. Mwambie avute kwa pembe mraba, mizani isilale. Avute polepole kama anayemtoa mtoto kitandani. Kumi, ishirini, ishirini na nane, kilo.

Watu walipokuwa yadini, ningekuwa hapo ningesema? Nimejiuliza wiki nzima. Nadhani ningetania.

Khisa

—

Nanyuki
6 Januari 2025

Kaka Khisa,

Heri ya mwaka mpya kwako na Phoebe. Krismasi tulichinja kuku watatu, na Kanini akaleta mgeni ambaye hajasema ni nani, ila anakula vizuri. Nimekaa kimya mwezi mzima kwa sababu kila nikishika kalamu nilitaka kukupiga nayo.

Gunia lilifika. Awil alilifungua kama mtu anayefungua zawadi ya harusi. Aliitazama mizani, akaitazama paipu, akapima kutoka katikati ya boliti mpaka alama ya pili, akachora hesabu kwenye ubao wa lori. Kisha hakuiamini hesabu yake. Alifunga bloku nyingine kuukuu kwenye meza, akavuta kwa vyombo vyako mpaka kilo ishirini na nane, akaijaribu boliti ile ile kwa spana yake, akipandisha kidogo kidogo. Boliti ilianza kusogea kwenye sabini na tano, kwa hizo Newton za kitabu. Akailegeza, akarudia mara nne. Sabini na tano, sabini na nne, sabini na tano, sabini na tano. Akaniita nje. Akasema, "Mama, kaka yako hakwenda shule, na mizani ya chai inasema sawa na spana yangu. Huyu ni mtu wa hatari."

Ilifungwa tarehe ishirini Desemba. Tangu siku hiyo tunafika mtamboni saa moja na nusu, na kijiti cha oili ni cheusi. Yule aliyesema Awil hajui kazi nilimwita yadini, nikamwambia mbele ya wenzake kosa lilikuwa la nani. Nilitaja jina lako. Sitaomba msamaha.

Sasa lile nililokuambia uliache.

Pasaka ulikuja hapa. Ulishika birika, ukasema wewe ndiye utanimiminia chai kwa kuwa mimi ni mjane na mwalimu. Kisahani kilijaa kabla ya kikombe. Ukaweka mkono chini ya meza, ukaanza hadithi ya mhasibu na gari la maiti, na wote walicheka. Mimi sikucheka, ila hukuniona.

Pikapu ilipochemka, jina lako ndilo la kwanza nililolifikiria. Nilishika simu. Nikajua nikikupigia utakuja siku hiyo hiyo, utainama kwenye ile injini, na nitalazimika kusimama pale nikutazame. Sikuweza. Nikaona afadhali unione msaliti. Hizo simu kumi na moja zilikuwa za kutafuta namna ya kukuambia nimeipeleka kwa mtu mwingine bila kukuambia kwa nini.

Kwa hivyo tulifichana kitu kimoja. Wewe ulikificha vibaya zaidi.

Awil anasema gasketi imeshakaa, na injini ya zamani kama hii lazima boliti zikazwe upya, ikiwa baridi. Nilimwambia afanye. Amekataa. Anasema vyombo hivi vina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, na mara ya kwanza alitumia namba bila mwenye namba akaona matokeo. Jumamosi tarehe kumi na nane nitaleta pikapu Ruring'u. Nikupate au nisikupate?

Dada yako,
Gaudencia

—

Ruring'u
10 Januari 2025

Kwa dada yangu Gaudencia,

Salamu, na za mwaka mpya pia. Kiuno cha Phoebe kimepona siku aliposikia mnakuja, na ameshaniamuru nipake chokaa ukuta wa mbele, mbele tu, kwa sababu wageni hawaangalii nyuma. Huyo mgeni wa Kanini anayekula bila jina mje naye, nimpe kazi ya kubeba jeki tumjue.

Utanipata.

Uliyoandika kuhusu birika niliyasoma nikiwa nje, nikabaki nje. Phoebe aliniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi. Zaidi ya hapo usinitake niandike.

Mje Ijumaa jioni, si Jumamosi, ili injini ipoe usiku kucha. Awil aje na spana yake, sanduku lenye kitambaa na vyote. Kila boliti ailegeze kidogo tu, moja moja, airudishe kabla ya kwenda kwa nyingine. Asithubutu kulegeza zote kwa pamoja, nitamfukuza hadi Kiganjo.

Kuhusu lile nililomkosea, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, Mburu akiwepo na wale wazee wote wanaokaa kwa mlango wangu kutwa wakidhani niko na kazi nyingi. Watajua siku moja hiyo hiyo kila kitu. Usinisaidie maneno.

Atakaa kwenye kiti changu, nimekubali. Atakunywa chai akiwa ameketi, aone ilivyo. Asiniite mzee, wala asiniite baba, mimi si baba yake. Aniite fundi, na mimi nitamwita hivyo, angalau mpaka mchana.

Ukazaji wenyewe utakuwa hivi. Paipu ashike yeye, na kuvuta avute yeye, kwa mkono wake ule ulioniambia ukweli nikaukataa. Mimi nitasimama upande wa pili wa boneti, nitasoma mizani, na nitasema acha. Macho yangu hayatetemeki.

Kaka yako,
Khisa